Kubambua si Kujichubua: Dhana Potovu kuhusu Ubambuaji wa Ngozi kwa Asidi

Utangulizi

Kiswahili kina utajiri wa vitenzi vinavyohusu kuondoa kitu cha nje ili cha ndani kionekane. Chungwa na ndizi humenywa. Gome la mti hubambuliwa. Mbuzi aliyechinjwa huchunwa. Goti la mtoto aliyeanguka huchubuka, na mkono uliopigwa na mvuke wa sufuria hubabuka. Kila kitenzi kati ya hivi kinabeba habari yake: kilichoondolewa, nguvu iliyotumika, na iwapo kilichobaki ni kizima au kimejeruhiwa. Mzungumzaji anayesema kwamba chungwa limechunwa atachekwa. Anayesema kwamba mbuzi amemenywa atarekebishwa papo hapo.

Linapokuja suala la ngozi ya binadamu, hata hivyo, umakini huu hutoweka. Utaratibu wa kitabibu ambapo daktari hupaka asidi usoni ili kuondoa tabaka la juu la ngozi, na ule wa mtu kujipaka mkorogo ili awe mweupe, yote mawili huitwa "kujichubua". Kutokana na jina hili moja zimezuka dhana nyingi potovu. Wapo wanaouogopa utaratibu ambao ungewafaa, na wapo wanaoukimbilia bila kujua kwamba unaweza kuwaachia kovu la maisha. Katika mabweni ya vyuo vyetu, ambako chunusi na mabaka ya uso ni mada ya kila siku, kundi hili la pili si dogo hata kidogo.

Makala haya yanalenga kuzichunguza dhana hizo moja baada ya nyingine. Tutautumia msamiati "ubambuaji" kwa ule utaratibu wa kitabibu, na "kujichubua" kwa ule wa kusaka weupe. Kabla ya kuziingilia dhana zenyewe, ipo haja ya kueleza kwa muhtasari ngozi ni nini na asidi huifanyia nini.

Ngozi na Asidi

Ngozi ina matabaka mawili makuu. Tabaka la nje ni jembamba mno; usoni unene wake ni kama wa karatasi. Chini kabisa ya tabaka hili seli mpya huzaliwa bila kukoma, zikasukumwa juu polepole, zikafa, zikakauka na hatimaye kupukutika. Safari hii huchukua takriban wiki nne kwa kijana, na huzidi kurefuka kadiri umri unavyosonga. Humo humo chini mna seli zinazotengeneza melanini, yaani ile rangi inayotutofautisha. Ikumbukwe kwamba idadi ya seli hizi hailingani na weusi wa mtu: Mluo wa Kisumu na Mswidi wa Stockholm wanazo karibu sawa. Tofauti imo katika wingi na ukubwa wa chembechembe za rangi zinazotengenezwa na namna zinavyosambazwa. Tabaka la ndani ndilo nene, nalo lina mishipa ya damu, neva, na nyuzi za kolajeni zinazoipa ngozi uimara wake. Jeraha linaloishia tabaka la nje hupona bila alama. Linalozama katika tabaka la ndani ndilo huacha kovu.

Ubambuaji ni jeraha la makusudi lililopimwa. Asidi hulegeza au huziua seli za juu, nazo zikishabambuka, zilizo chini huchochewa kujijenga upya. Kina ndicho kigezo cha kuuainisha. Ubambuaji wa juu huishia katika tabaka la nje, na hutumia aghalabu asidi ya glikoliki, asidi ya laktiki au asidi ya salisiliki. Ule wa wastani hugusa sehemu ya juu ya tabaka la ndani, na asidi yake mashuhuri ni ya trikloroasetiki. Ule wa kina huzama zaidi kwa kutumia fenoli.

Taaluma hii si ngeni. Mnamo mwaka wa 1882 daktari Mjerumani Paul Gerson Unna, aliyefanya kazi Hamburg, alieleza jinsi asidi ya salisiliki, fenoli, risosinoli na asidi ya trikloroasetiki zinavyoiathiri ngozi. Mapema katika karne ya 20, daktari George Miller MacKee wa Marekani alikuwa akitumia fenoli kutibu makovu ya chunusi. Kwa hivyo, anayedhani kwamba ubambuaji ni mtindo ulioletwa juzi na waigizaji wa filamu anakosea kwa zaidi ya karne moja.

Dhana ya Kwanza: Ubambuaji Humfanya Mtu Kuwa Mweupe

Hii ndiyo dhana mama, nayo imezaliwa na lugha kama tulivyokwisha kudokeza. Mkorogo hufanya kazi kwa kuzuia utengenezaji wa melanini. Viambato vyake vya kawaida ni haidrokwinoni, zebaki na dawa kali za steroidi kama vile klobetasoli. Ubambuaji, kwa upande mwingine, huondoa seli zilizokufa pamoja na rangi ya ziada iliyojikusanya humo. Mtu mwenye mabaka meusi yaliyoachwa na chunusi anaweza kuyaona yakififia, na uso ukarudia rangi yake moja. Rangi hiyo ni ile aliyozaliwa nayo. Kwa kuwa kiwanda cha melanini kingali kizima, seli mpya huja na rangi ile ile ya mwenyewe.

Tofauti hii ina uzito wa kisheria pia. Nchini Kenya vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vilipigwa marufuku tangu mwaka wa 1998. Afrika Kusini ilikuwa imetangulia mwaka wa 1990, baada ya madaktari wake kueleza, kuanzia mwaka wa 1975, hali ambapo watumiaji wa muda mrefu wa haidrokwinoni waliota mabaka ya rangi ya samawati na nyeusi usoni, yaani kinyume kabisa cha walichokitafuta. Zebaki nayo hupenya hadi kwenye figo na mishipa ya fahamu.

Yafaa kusisitiza jambo ambalo wengi hawalijui. Mtu aliyetumia krimu za steroidi kwa miezi au miaka huwa na ngozi iliyokonda. Akienda kubambuliwa ili kuyarekebisha madhara ya mkorogo, bila kumfichulia daktari historia yake, asidi ambayo ingeishia juu kwa mtu mwingine inaweza kuzama kwake hadi kwenye tabaka la ndani. Aibu ya kusema "nilijipaka" ndiyo huweza kumgharimu uso. Daktari si hakimu. Anauliza ili apime.

Dhana ya Pili: Kitu cha Asili Hakina Madhara

Wauzaji hupenda kusema kwamba asidi zao "zimetoka kwenye matunda". Ni kweli kwamba asidi ya glikoliki hupatikana katika muwa, ya laktiki katika maziwa yaliyoganda, na ile ya salisiliki ina nasaba na magome ya mti uitwao willow kule Ulaya. Lakini asili ya kitu haisemi lolote kuhusu nguvu yake. Kutafuna muwa hakubambui ulimi, ilhali asidi ya glikoliki ya asilimia 70 ikiachwa usoni dakika chache kupita kiasi huacha kidonda. Mambo matatu ndiyo huamua: kiasi cha asidi kilichomo, ukali wake kwa kipimo cha pH, na muda inaokaa kwenye ngozi. Kipimo cha pH nacho kina hila yake: kikishuka kwa nambari moja tu, ukali umeongezeka mara 10. Kwa hivyo, chupa mbili zilizoandikwa "asilimia 30" zinaweza kuwa mbali kama mbingu na ardhi.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni wa ndimu na limau. Wapo wanaojisugua uso kwa kipande cha ndimu asubuhi kisha wakatoka kwenda zao. Maji ya ndimu yana pH inayokaribia 2, na isitoshe yana kemikali ambazo, zikikutana na jua juu ya ngozi, huiunguza. Malengelenge huweza kutokea baada ya siku moja au mbili, na yakipona huacha weusi unaodumu kwa wiki au miezi. Mtu alitaka kuondoa baka moja, amejiongezea matano.

Hapa ni vyema kuitendea haki desturi yetu ya pwani. Bibi harusi wa Kiswahili husingwa kwa singo. Hupakwa liwa na manjano, mwili ukasuguliwa hadi ukalainika na kunukia. Kusinga huondoa taka na seli zilizokwisha kufa kwa msuguano mwororo tu. Hakuchomi wala hakubambui, na wala hakudai kufuta makovu. Anayekulinganisha na asidi ya kliniki anavidhulumu vyote viwili.

Dhana ya Tatu: Ngozi Nyeusi Haibambuliwi

Dhana hii ina chembe ya ukweli, ndiyo maana ni vigumu kuing'oa. Ngozi nyeusi ina seli za rangi zilizo tayari kuchangamka. Ikijeruhiwa, hata na chunusi tu au na kuumwa na mbu, hujibu kwa kumwaga melanini, na ndipo hubaki doa jeusi. Ngozi yetu pia ina mwelekeo mkubwa zaidi wa kufanya makovu yanayovimba na kukua kupita mipaka ya jeraha. Kwa sababu hizi ubambuaji wa kina kwa fenoli haupendekezwi kwa mtu mweusi, kwani fenoli inaweza kuzilemaza kabisa seli za rangi na kuacha uso wenye mabaka meupe ya kudumu. Ule wa wastani nao huhitaji tahadhari kubwa mno.

Hata hivyo, ubambuaji wa juu hutumika kwa ngozi nyeusi, na kwa manufaa. Asidi ya salisiliki, kwa kuwa huyeyuka katika mafuta, hupenya ndani ya vitundu vya ngozi na kusafisha kiini cha chunusi. Asidi ya glikoliki husaidia kufifisha madoa. Siri imo katika maandalizi. Daktari mwangalifu huitayarisha ngozi kwa wiki mbili hadi nne, hujaribu asidi mahali padogo kama vile nyuma ya sikio, huanza na kiwango cha chini, na kupanda polepole katika ziara zinazopishana kwa wiki kadhaa. Anayekupaka kiwango cha juu siku ya kwanza uliyoingia mlangoni ama hajui ngozi yako, ama haijali.

Dhana hii haiwahusu wanawake pekee. Wanaume weusi wengi husumbuliwa na vipele vya kidevuni vitokanavyo na nywele zilizojikunja na kuchoma ngozi baada ya kunyolewa. Asidi ya glikoliki na ya salisiliki ni miongoni mwa tiba zinazowafaa.

Dhana ya Nne: Kadiri Inavyouma na Kubambuka Ndivyo Inavyofaa

Tumelelewa katika methali kwamba mchumia juani hulia kivulini, na kwa hivyo tunaelekea kuamini kwamba maumivu ni malipo ya kabla. Katika suala hili, mantiki hiyo ni hatari. Ubambuaji wa juu unaweza kufanikiwa bila ganda lolote kuonekana likibambuka. Ngozi hukauka kidogo na kupukutika kama unga kwa siku tatu au nne basi. Kuwashwa kidogo wakati wa kupakwa ni jambo la kawaida. Maumivu makali yanayoendelea, malengelenge, au ngozi inayogeuka kijivu, ni ishara za hatari.

Asidi zenyewe hazifanani tabia. Ya glikoliki huendelea kuzama hadi izimwe, aghalabu kwa maji yenye bikaboneti ya sodiamu, hivyo anayeitumia hukaa na saa mkononi. Ya salisiliki huacha unga mweupe juu ya ngozi, nao si dalili ya kuungua. Ya trikloroasetiki huigandisha protini ya ngozi, uso ukawa mweupe kama uliopigwa na sakitu. Ikishafikia hapo hakuna cha kuizima, kazi imekwisha kufanyika. Weupe wa aina mbili, maana mbili tofauti! Asiyejua kuzitofautisha dalili hizi hapaswi kuishika chupa.

Fenoli ndiyo kali kuliko zote. Hufyonzwa na ngozi ikaingia kwenye damu na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Ndiyo maana hutumiwa na daktari aliyebobea, katika chumba kilichoandaliwa, huku mashine ikiufuatilia moyo wa mgonjwa.

Dhana ya Tano: Naweza Kujifanyia Chumbani

Siku hizi chupa za asidi zinauzwa mtandaoni na kufikishwa mlangoni. Bei yake huwa ya chini kuliko ya daktari, na mwanafunzi anayehesabu shilingi za mkopo huona hesabu inakubali. Mnamo Julai mwaka wa 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwa umma dhidi ya kununua na kutumia bidhaa hizi zenye viwango vikubwa vya asidi bila usimamizi wa mtaalamu, kwa sababu ya majeraha yakiwemo kuungua, maambukizi na makovu. Ikiwa onyo hilo lilihitajika huko, huku ambako chupa zinaweza kuuzwa bila hata kibandiko cha kuaminika linahitajika maradufu.

Haina maana kwamba kila kitu chenye asidi ni haramu nyumbani. Sabuni na losheni nyingi za chunusi zina asidi ya salisiliki isiyozidi asilimia 2, na zipo krimu za asidi ya glikoliki zilizo chini ya asilimia 10. Hizi hufanya kazi taratibu na ni salama kwa wengi wakifuata maelekezo. Mpaka wa kutovukwa ni pale kiwango kinapopanda hadi 20, 30 au 70, na pale jina la trikloroasetiki au fenoli linapotajwa.

Wapo pia wasiofaa kubambuliwa kabisa, au walau kwa wakati huo: mwenye kidonda au malengelenge ya mafua mdomoni, mama mjamzito bila ushauri wa daktari wake, aliyewahi kuota makovu ya kuvimba, na anayemeza vidonge vya isotretinoini vya chunusi, ambaye lazima amweleze daktari mapema. Kioo cha bwenini hakitakuuliza maswali haya.

Dhana ya Sita: Mweusi Haogopi Jua

Melanini ni mwavuli, lakini mwavuli wenye matundu. Utafiti uliofanywa mwaka wa 1979 ulikadiria kwamba tabaka la nje la ngozi nyeusi hukinga sawa na krimu ya kiwango cha 13 hivi, ilhali madaktari wa ngozi hupendekeza kiwango cha 30 au zaidi. Baada ya kubambuliwa, hata sehemu ya mwavuli huo huwa imeondolewa. Anayetoka kliniki na kusimama kwenye kituo cha matatu saa saba mchana bila kofia wala krimu ya kukinga jua anayaita upya madoa aliyolipia yafutwe. Huenda yakarudi yakiwa meusi kuliko awali, kisha lawama ikatupiwa asidi.

Dhana ya Saba: Mara Moja Yatosha

Ubambuaji wa juu hufanywa kwa awamu, mara nyingi tatu hadi sita. Husaidia madoa, chunusi na ngozi iliyokwaruza. Hauondoi mashimo marefu yaliyoachwa na chunusi kali, kwa kuwa mashimo hayo yamo katika tabaka la ndani ambalo asidi ya juu haifiki. Yapo matibabu mengine kwa ajili yake. Kwa upande wa pili, wapo wanaohofu kwamba kila awamu huikondesha ngozi hadi iishe. Hofu hii nayo haina msingi: tabaka la nje hujijenga upya, na tabaka la ndani linaweza hata kuongeza kolajeni. Kinachoikondesha ngozi ni steroidi za mkorogo. Tunarudi tena pale pale pa kuchanganya mambo mawili chini ya jina moja.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba ubambuaji wa ngozi kwa asidi ni tiba yenye mipaka. Hauleti weupe, hauwi salama kwa kutoka kwenye tunda, haukatazwi kwa mtu mweusi iwapo ni wa juu na umepimwa, na haupimwi ubora wake kwa maumivu. Anayeuhitaji aanze kwa kumwona daktari wa ngozi, na ana haki ya kuthibitisha kwamba jina la daktari huyo limo katika sajili ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya. Aulize pia maswali matatu mepesi: asidi gani, kiwango gani, na itazimwa vipi. Asiyeweza kuyajibu asiruhusiwe kugusa uso wa mtu.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu wetu pia. Mgonjwa asiyekuwa na neno la kumtofautishia tiba na sumu huenda akaikimbia ile na kuikumbatia hii. Tukianza kutenganisha kubambua na kujichubua katika mazungumzo yetu, katika redio na katika vitabu vya afya, tutakuwa tumefanya zaidi ya kusanifisha istilahi. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini mkakasi ukiharibika hutengenezwa mwingine. Uso ni mmoja.